Kabla Hujaandika Klasi Yako, Fungua Maktaba

Wakubwa shikamooni, na wenzangu hamjambo.

Nianze kwa kuungama. Katika mradi wangu wa kwanza wa .NET, jukwaa la Microsoft la kuundia programu, niliandika kwa mkono wangu msimbo wa kuunganisha njia za mafaili, yaani anwani zake kwenye diski: kama alama ya mkwaju ipo, acha, kama haipo, weka. Mistari arobaini, nami najiona fundi. Kwenye Windows ulikwenda vizuri. Tulipohamia Linux ukaanguka, maana huko mkwaju hulala upande wa pili. Kumbe Path.Combine, inayofanya kazi hiyo hiyo, ilikuwamo ndani ya .NET tangu toleo la kwanza, mwaka 2002!

Kwa hiyo maktaba sanifu, yaani misimbo inayokuja tayari na .NET, ifunguliwe kwanza. Ila kuifungua si kuijua.

Chukueni maandishi. Katika C#, lugha ya .NET, string, yaani aina ya data ya maandishi, ikishaundwa haibadiliki. Ukiongeza herufi moja, inaundwa nakala mpya nzima. Ongeza herufi mojamoja mara 10,000, utakuwa umenakili herufi kama milioni 50. StringBuilder hutenga nafasi ya akiba na kuandika humo humo.

Hela ziwekeni kwenye decimal, aina ya namba za desimali. Double, aina nyingine ya namba, haiwezi kushika 0.1 kikamilifu, na atakayebisha ataonana na mhasibu.

Lakini iliyonitia adabu ni HttpClient, klasi ya kutuma maombi kwa seva za wavuti. Ina Dispose, amri ya kuachilia rasilimali, nasi tumezoea kwamba chenye Dispose hufungwa kwa neno using, linaloita Dispose lenyewe kazi ikiisha. Basi kila ombi tunaunda mpya, tunaifunga. Kwenye majaribio, shwari. Watumiaji wakija kwa wingi, programu inashindwa kuunganisha, ilhali kumbukumbu tele na prosesa imetulia. Soketi, yaani ncha ya muunganisho wa mtandao yenye namba yake ya poti, ikifungwa haiondoki papo hapo: mfumo endeshi huishikilia katika hali ya TIME_WAIT, kwenye Windows kwa desturi dakika 4, ili pakiti iliyochelewa isiingilie mawasiliano mapya. Maombi yakimiminika, namba za poti zinaisha.

Dawa ni HttpClient moja kwa programu nzima. Naona mnaandika, mnadhani tumemaliza. Bado! Hiyo moja ikishikilia muunganisho wake siku nzima, anwani ya seva ikibadilika kwenye DNS, kitabu cha anwani cha mtandao, haitajua. Itaendelea kubisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Wekeni PooledConnectionLifetime, mpangilio wa umri wa muunganisho, tuseme dakika 2: muunganisho ukifika umri huo unastaafishwa, unaofuata unauliza anwani upya. IHttpClientFactory, kiwanda cha HttpClient kilichokuja 2018, inashughulikia yote mawili: poti kuisha na anwani kubadilika.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kama maktaba za nje ni haramu. Hapana. Kwa miaka mingi kusoma JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data, kulitegemea maktaba ya nje, mpaka System.Text.Json ilipoingia 2019, na ile ya nje bado ina mambo inayoyamudu vizuri zaidi.

Sasa fungueni kompyuta. Naiwasha ile programu mbovu hapa mbele. Nanyi andikeni netstat, amri ya kuorodhesha miunganisho ya mtandao, mnihesabie TIME_WAIT.