Kosa la Kumbukumbu na Kosa la Uigizaji: Namna ya Kuwapima Waigizaji wa Dark Shadows

Mabibi na mabwana, habari za jioni, na karibuni.

Tunaizungumzia Dark Shadows, tamthilia ya Marekani iliyorushwa na televisheni ya ABC kuanzia tarehe 27 Juni 1966 hadi tarehe 2 Aprili 1971, alasiri, siku tano kwa wiki. Jumba kubwa la Collinwood katika pwani ya jimbo la Maine, familia ya Collins na siri zake, mizuka, wachawi, na kuanzia Aprili 1967, mnyonya damu aitwaye Barnabas. Anayeitazama leo kwa mara ya kwanza hukimbilia kusema kwamba hawa watu hawakujua kuigiza. Mwenzake, kwa huruma, hujibu kwamba kwa enzi zile walijitahidi. Sikubaliani na yeyote kati yao. Huyu wa pili ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu anawasamehe waigizaji ambao hawakuomba msamaha, na kwa kuwasamehe wote anashindwa kuona nani alikuwa hodari na nani hakuwa.

Tuanze na namna kazi ilivyofanyika, maana bila hilo hakuna hukumu. Sehemu moja ilikuwa ya nusu saa. Ukitoa matangazo, zinabaki kama dakika 22. Mara tano kwa wiki, hizo ni dakika 110. Huo ni urefu wa filamu nzima ya sinema, na walitoa kiasi hicho wiki baada ya wiki kwa karibu miaka 5, mpaka zikafika sehemu 1,225. Walirekodia studio mjini New York. Mwigizaji alikuja asubuhi akiwa ameshakariri mistari yake nyumbani. Wakapangiwa pa kusimama, wakapitia mbele ya kamera, wakafanya zoezi la mwisho wakiwa na mavazi kamili, na alasiri wakarekodi. Wakishaanza, walikwenda moja kwa moja hadi mwisho, wakipumua kwenye nafasi za matangazo tu. Kuhariri utepe wa video wa wakati ule kulikuwa ghali na kwa usumbufu mkubwa, kwa hiyo aliyechapia alichapia, na aliyekwama alijikwamua mwenyewe huku kamera inamtazama.

Kwa maneno mengine, mnachokiona ni mchezo wa jukwaani uliochezwa mara moja tu. Hata wa jukwaani ana usiku wa pili wa kurekebisha. Hawa, kesho yake walikuwa na mswada mwingine.

Sasa basi, ukikaa kuhukumu, kazi yako ya kwanza ni kutenga makosa. Kivuli cha maiki kinapita ukutani, mlango unafungwa na ukuta mzima unatikisika, fundi anaonekana pembeni ya picha, inzi anatua usoni mwa mtu anayetoa kiapo cha kisasi: hayo si ya mwigizaji. Usiyaandike kwenye daftari lake. Lakini usiyapuuze, kwa sababu ndiyo yanayokuonyesha kama mtu ameuvaa uhusika au ameushikilia mkononi tu. Ukuta ukitikisika, mtazame mwigizaji. Aliyeuvaa uhusika haangalii ukuta, na mara nyingine hata sauti yake inapanda kidogo ili aibebe ile kelele. Asiyeuvaa, kwa nusu sekunde, anakuwa mfanyakazi wa studio aliyeshtuka.

Kosa la kumbukumbu na kosa la uigizaji ndiyo magumu kutenganisha. Kwa hayo nawashauri mtazame kila sehemu mara tatu. Mara ya kwanza zima sauti kabisa. Mara ya pili geuzia televisheni mgongo na usikilize tu, kama sisi wa Afrika Mashariki tulivyozoea kusikiliza michezo ya redio. Sikio lililolelewa na redio linajua haraka nani anasoma na nani anasema. Mara ya tatu tazama vyote pamoja, ukiwa na saa mkononi. Dakika 22 mara tatu ni saa moja na dakika chache. Mtu asiye na saa moja asitoe hukumu.

Kwenye ile mara ya kwanza, fuata macho. Studio ilikuwa na telepromta, mashine inayomwonyesha mwigizaji mistari yake, na ilikaa karibu na kamera. Macho yanayokwenda kwenye telepromta husafiri mlalo, hutua mahali pamoja, hutulia kama ya mtu anayesoma bango, kisha hurudi kwa mwenzake. Macho ya mtu anayefikiri hayatui popote: hushuka, hupotea, hurudi bila haraka. Ukishazijua hizo safari mbili, huwezi tena kudanganyika.

Na hapa ndipo tunamkuta Jonathan Frid, aliyemcheza Barnabas. Alikuwa Mkanada aliyefunzwa jukwaani, London na baadaye Chuo Kikuu cha Yale, mtu wa Shakespeare na sauti ya kujaza ukumbi. Kumbukumbu yake ya mistari ilikuwa dhaifu, na hakuna mtazamaji makini asiyeliona hilo. Wengi wanaishia hapo, wanaandika "mbovu", wanafunga daftari. Mimi nawaomba mtazame sehemu ya 211, pale Barnabas anapobisha hodi Collinwood. Mlango unafunguliwa na Bi Johnson, mtumishi wa nyumba. Mbele yake amesimama mgeni mwenye joho, kofia na fimbo yenye kichwa cha mbwa mwitu, na ndani, ukutani, ipo picha ya kuchorwa ya babu aliyefanana naye. Anachotakiwa kusema ni kidogo sana: amwambie bibi mwenye nyumba kwamba amekuja binamu yake, Barnabas Collins.

Angalia anavyolisema jina lake. Halirushi, wala halipambi kwa vitisho. Analiweka chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake. Adabu yake imezidi kidogo kipimo cha mwaka 1967, na ziada hiyo ndogo ndiyo inayotisha. Mwigizaji wa kawaida angemchezea mtazamaji, ambaye anashuku huyu ni nani. Frid anamchezea Bi Johnson, ambaye hashuku chochote. Anaigiza mtu anayetaka kuaminiwa, na huo ndio uamuzi uliomgeuza mnyonya damu wa kupita njia kuwa nguzo ya tamthilia nzima.

Vipi kuhusu kusitasita kwake? Hapa niwe mkweli pande zote mbili. Zipo nyakati ambapo anatafuta neno, na kutafuta kwenyewe kunafanana na mtu aliyelala ndani ya jeneza zaidi ya miaka 170 na sasa anapapasa lugha ya karne nyingine. Mashabiki hupenda kulisifia hilo kama sanaa. Sikubali. Bahati njema haiandikwi kwenye safu ya ustadi. Kinachoandikwa ni kile anachofanya baada ya kukwama: sauti haitetereki, bega halishuki, na mwenzake anabaki anamwogopa. Anapoteza mstari lakini hampotezi Barnabas. Atakayebisha aitazame filamu ya sinema ya mwaka 1970 ambayo Dan Curtis, muasisi wa tamthilia hii, aliwaongoza waigizaji walewale. Kule kulikuwa na nafasi ya kurudia. Kusitasita kunapungua sana, na Barnabas anabaki, tena akiwa mkali zaidi. Kwa hiyo uigizaji haukuwa zao la kusahau.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote kinapatikana mwishoni mwa mwaka 1967. Mwezi Novemba hadithi iliruka ikarudi mwaka 1795, na kundi lilelile la waigizaji likapewa watu wengine wa kuwacheza. Kwa anayetaka kujifunza kuhukumu, hiyo ni zawadi: mwili uleule, sauti ileile, studio ileile, mtu mwingine. Chagua mwigizaji mmoja, chukua sehemu mbili za kabla ya Novemba na mbili za 1795, na uandike mambo manne tu: anasimama uzito ukiwa wapi, mikono inakaa wapi asipoongea, anavuta pumzi kabla ya sentensi au katikati, na anamtazama mwenzake kwa muda gani kabla ya kujibu.

Mfano mzuri ni Louis Edmonds. Kama Roger Collins wa siku zile za 1960, maneno yanamtoka haraka, kwa kejeli, na mwili wake hukimbia hatari: hugeuka, humimina kinywaji, huongea akiwa ametoa mgongo. Kama Joshua Collins wa 1795, baba mwenye nyumba, hageuki. Anasimama katikati ya chumba na watu wengine ndio wanaomzunguka. Pumzi yake iko kabla ya sentensi, na sentensi ikianza haikatiki. Ni mtu yuleyule, na ukifumba macho utadhani ni wawili. Kathryn Leigh Scott naye, kutoka Maggie mhudumu wa mgahawa hadi Josette bibi harusi, alipunguza kasi ya shingo yake. Ni jambo dogo mno, lakini Maggie hugeuza kichwa kwanza kisha macho, na Josette ni kinyume.

Wapo waliobadilisha mavazi tu. Sitawataja mmojammoja; mkitumia yale mambo manne mtawaona.

Alexandra Moltke, aliyemcheza Victoria Winters, mwalimu wa nyumbani pale Collinwood, ameonewa na wengi, kwa hiyo nisimame hapo kidogo. Ni yeye peke yake aliyevuka kwenda 1795 akiwa mtu yuleyule, amezungukwa na sura anazozijua ambazo hazimjui. Mswada ulimtaka amwambie karibu kila mtu kwamba amefanana na fulani, na watu wakamwona Victoria mjinga na mwigizaji dhaifu. Hilo ni kosa la kalamu. Ukitaka kujua kama mwigizaji ameangushwa na mswada, sikiliza mstari mbovu alioupewa, halafu mtazame anapomsikiliza mwenzake. Moltke anasikiliza vizuri sana. Hofu yake inaonekana wakati mwenzake anaongea, kabla hajafikiwa na mstari wake.

Grayson Hall, yaani Daktari Julia Hoffman, anatugawanya. Mwanamke huyu aliingia studio akiwa ameshateuliwa kuwania Oscar kwa kazi yake ya sinema ya mwaka 1964, hivyo kipimo kidogo cha kamera alikijua. Lakini Julia wake anameza mate, anatetemeka, anatoa macho, anakaba koo lake mwenyewe. Amezidisha? Ndiyo, kuna siku amezidisha, hasa pale ambapo tukio zima ni kelele na yeye anaongeza kelele. Ila fuatilia penzi lake kwa Barnabas, ambalo halisemi. Mikono inahangaika, sauti inatoa ushauri wa kidaktari, na macho yanabaki kwa Barnabas sekunde moja zaidi ya inavyostahili mgonjwa. Ukubwa wa ishara una makosa pale tu unapokuwa hauna kitu ndani. Kwake, mara nyingi, kilikuwemo.

Bado sekunde za mwisho kabla ya matangazo. Kamera inasogea, muziki wa Robert Cobert unapanda, na mwigizaji amebaki na uso tu, hana neno. Hesabu: tano, sita, wakati mwingine zaidi. Anayeganda anatoka na sura ya picha ya pasipoti. Macho hufa kwanza, kisha mdomo, kwa sababu ameacha kupumua. Joan Bennett, aliyemcheza Elizabeth, bibi mwenye nyumba, alitoka sinema za Hollywood na alijua siri yake: ndani ya sekunde hizo wazo lazima libadilike. Anaanza akiwa ameshtuka, anamaliza akiwa ameamua jambo. David Selby alipewa mtihani mgumu zaidi. Quentin wake, mwishoni mwa mwaka 1968, aliingia kama mzuka usiosema kabisa, na aliubeba ule ukimya kwa utulivu wa kichwa na kwa kutopepesa macho. Alipokuja kupewa maneno, katika hadithi ya mwaka 1897, watazamaji walikuwa wameshamjua.

Tutumie dakika zilizobaki kwa kazi yenyewe. Nitawaonyesha kipande cha mwishoni mwa hadithi ya 1795, ambapo Joshua ameshajua mwanawe, Barnabas, amekuwa nini, anashindwa kumuua, na anaamuru jeneza lifungwe minyororo. Mara ya kwanza tutaona bila sauti. Msimtazame Barnabas. Mtazameni Joshua, yule asiyegeuka kamwe, na mniandikie ni wakati gani hasa anageuza mgongo.

Tafadhali, taa.