Si Kila Kijani ni Malisho

Asanteni. Shikamooni wazee mlioketi mbele. Na nyinyi wanafunzi mliojipanga kule nyuma karibu na birika la chai, nawaona.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa Baringo na ramani iliyotengenezwa kwa data za setilaiti. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na karatasi nzima ilikuwa rangi ya kahawia, isipokuwa mkanda mmoja wa kijani kusini mwa ziwa. Nikaitandaza chini ya mgunga mbele ya wazee, nikaweka kidole penye kijani, nikasema: hapa kuna malisho. Kimya. Kisha mzee mmoja akainama, akaitazama sana, akaniuliza, "Kijana, wewe umefika hapo?" Nikamjibu kwamba setilaiti imefika. "Hapo ni mathenge," akasema. "Peleka mbuzi wako, utarudi nao bila meno."

Wenzake wakacheka hadi mmoja akafuta machozi. Mimi sikucheka, maana ripoti nilikuwa nimeshaituma ofisini.

Kwa wasioujua, mathenge ni mti wa miiba ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie mmomonyoko wa udongo na uwape watu kuni. Kuni ulitoa, hilo tusiudhulumu. Lakini ulivuka mipaka, ukafunga njia za mifugo, ukameza mbuga za nyasi. Mizizi yake huchimba chini sana kufuata maji, ndiyo maana unabaki kijani wakati kila kitu kimekauka. Maganda yake yana sukari nyingi. Mbuzi huyapenda, nayo hunasa kwenye meno na kuyaozesha. Mwaka 2006 Wailchamus, jamii ya wafugaji wa pale Baringo, walikwenda mahakamani kwa sababu ya mti huu, wakamchukua na mbuzi kibogoyo awe kielelezo. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba yule mbuzi ni ushahidi bora kuliko chati zangu nyingi.

Sasa setilaiti ilikosea wapi? Tuifuate kwa hesabu, msiogope, ni ya darasa la saba.

Jani bichi hula mwanga mwekundu. Ndio linaoutumia kujitengenezea chakula. Lakini kuna mwanga mwingine unaopakana na mwekundu, jicho letu haliuoni, unaitwa infraredi ya karibu. Huo jani karibu haliuli kabisa, mwingi huutupa nyuma. Setilaiti inapima zote mbili. Tuseme jani lenye afya limerudisha asilimia 5 ya mwekundu na asilimia 45 ya infraredi. Toa: 40. Jumlisha: 50. Gawanya 40 kwa 50, unapata 0.8. Nenda kwenye udongo mkavu: mwekundu 20, infraredi 25. Tofauti ni 5, jumla ni 45, jibu ni kama 0.11. Basi. Hicho ndicho kipimo cha ukijani ambacho wataalamu hukiita NDVI, na kimebeba ripoti za ukame za nusu ya dunia.

Angalieni kilichoulizwa hapo. Tumeuliza majani mabichi ni mengi kiasi gani. Hatukuuliza ni ya nini, wala ng'ombe anayala au hayali. Mathenge una majani mabichi, ukapata alama zake kihalali. Niliyeongeza neno "malisho" ni mimi.

Kuna jambo la pili, ukubwa wa jicho. Data nilizotumia siku ile zilitoka kwenye chombo kiitwacho MODIS, ambacho kimebebwa na setilaiti ya Terra tangu 1999. Inapita karibu kila siku, na hiyo ni neema. Ila kidoa chake kimoja, pikseli, kina upana wa mita 250 kila upande. Hizo ni zaidi ya ekari 15! Ndani ya ekari 15 unaweza kuwa na boma, lagha (mkondo wa mto wa msimu), nyasi kidogo, mathenge na shule ya msingi, vyote vikachanganywa kama githeri kisha vikapewa nambari moja. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ya kwanza ikirushwa 2015, zinaona hadi mita 10, na zikiwa mbili hurudi mahali pale pale kila baada ya siku 5. Ukitaka kuona undani unapunguza mara za kutazama. Ukitaka kutazama kila siku unavumilia ukungu.

Halafu kuna mawingu. Wakati wa masika, siku unayohitaji picha ndiyo siku ambayo mbingu imefungwa. Dawa yake ni kukusanya picha za siku kumi, na kwa kila pikseli kuchukua siku iliyoonyesha kijani zaidi, kwa kuwa wingu hushusha kipimo. Wazungu wakaziita siku hizo kumi dekadi. Mimi nikishuka Pwani huwa nawaambia vijana: babu zenu walikuwa na neno. Mwaka wa Nairuzi wapwani waliuhesabu kwa miongo, mwongo mmoja siku kumi, wakajua mwongo upi wa kupanda na upi wa kukaa mbali na bahari. Ofisini kwangu tunasema mwongo. Anayekuja mgeni hushangaa siku mbili, kisha huzoea.

Na ni hiyo miongo iliyonitoa aibu. Picha ya siku moja haiwezi kutenganisha nyasi na mathenge kirahisi. Lakini panga miongo 36 ya mwaka mzima kwenye mstari, utaona tabia. Nyasi hulala karibu na chini, mvua ikinyesha hupanda ghafla, kisha hushuka haraka jua likiwaka. Mathenge hupanda kidogo, na kiangazi kikifika unagoma kushuka. Kwa hiyo nilirudi nikatafuta pikseli zilizobaki juu katikati ya kiangazi, nikazichora rangi ya zambarau, nikampelekea yule mzee ramani mpya. Akaigeuza huku na huku. "Hapa umekaribia," akasema, akanionyesha sehemu mbili ambazo bado nilikuwa nimekosea. Moja ilikuwa shamba la umwagiliaji.

Mnaweza kusema haya ni mambo ya ramani tu. Hapana, kuna pesa ndani. Januari 2010 kule Marsabit ilianza kuuzwa bima ya mifugo inayotegemea kipimo hiki hiki, kazi ya watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pamoja na kampuni za bima. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu mizoga. Ukijani wa eneo ukishuka vya kutosha, aliyekata bima analipwa. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba 2011. Mwanzoni hesabu ilikadiria vifo, na mfugaji alilipwa makadirio yakipita asilimia 15. Baadaye wakaona kumlipa mtu ng'ombe akiwa ameshakufa ni kuchelewa, na mpango wa serikali ulioanza 2015 ukalenga kulipa mapema, anunue nyasi na maji mnyama angali amesimama.

Hapo mathenge unaingiaje? Kila eneo hulinganishwa na historia yake lenyewe. Kama kichaka kilikuwepo tangu zamani, hakisumbui sana, kimo ndani ya historia. Hatari ni pale kinapoenea mwaka hadi mwaka. Nyasi zinapungua, wastani wa kijani haushuki, na mfugaji anaangalia ng'ombe wake wakikonda huku nambari ikimwambia msimu si mbaya. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko kuharibika kwa chombo huko juu.

Jambo moja la kupita tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco pale baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani iliyoitwa Uhuru. Ilikuwa ikisaka eksirei za nyota, haikutazama malisho ya mtu. Setilaiti ya Kenya yenye kamera ya kutazama ardhi, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023. Katikati hapo tulitegemea za wenzetu, na hadi 2008 picha za Landsat, setilaiti za Wamarekani za kutazama ardhi, zilikuwa zikiuzwa. Siku zilipofanywa bure, picha za tangu 1972 zilifunguka kwa yeyote mwenye intaneti na subira. Mwanafunzi hapa anaweza leo kufungua Baringo ya kabla ya mathenge akaiweka kando ya Baringo ya sasa.

Jumamosi gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tuna pikseli 40 za kufikia kwa miguu, na kila moja nataka picha ya simu, jina la mti kwa lugha ya pale, na jibu la swali moja: hapa mbuzi anakula nini? Vaeni viatu vyenye soli ngumu. Miiba ya mathenge hupenya kandambili, na tairi pia.