Bastola ya Tom Palmer na haki ya kujihami

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nitaanza na usiku mmoja wa mwaka 1982 huko San Jose, California. Tom Palmer alikuwa akitembea na mwenzake, wanaume wawili kwa miguu, wakavamiwa na kundi kubwa la vijana waliowatukana kwa kupenda jinsia moja na kutishia kuwaua. Palmer akawaonyesha bastola. Wakarudi nyuma. Hakufyatua hata risasi moja.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu kilifika mahakamani. Palmer alihamia Washington, D.C., na huko sheria ya mwaka 1976 ilipiga marufuku bastola. Bunduki ndefu uliruhusiwa kuwa nayo nyumbani, lakini isiwe na risasi, tena iwe imefunguliwa vipande au imetiwa kufuli kwenye kifyatulio. Hebu fikiria: mtu anavunja mlango wako, nawe unatafuta ufunguo gizani! Mwaka 2003 Palmer na wenzake watano waliishtaki serikali ya jiji hilo. Mahakama ya rufaa ikambakiza Dick Heller peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeomba kibali akanyimwa. Ndiyo maana hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 26, 2008, iliyosema Katiba inamlinda raia anayeweka bastola nyumbani kwa kujihami, inaitwa kesi ya Heller.

Pink Pistols, kikundi cha wapenzi wa jinsia moja wanaotetea haki ya kujihami kwa silaha, kiliwasilisha hoja zake katika kesi hiyo. Kilizaliwa mwaka 2000, baada ya mwandishi Jonathan Rauch kuwahimiza wapenzi wa jinsia moja wajifunze silaha. Uchungu wa kifo cha Matthew Shepard, kijana mpenzi wa jinsia moja aliyepigwa na kufungwa kwenye uzio huko Wyoming mwaka 1998, akafa hospitalini siku chache baadaye, ulikuwa bado mbichi.

Mimi nipo upande wao. Mtu ambaye kwa miaka mingi polisi walimwendea kumkamata, si kumwokoa, hana deni la kumweleza yeyote kwa nini anataka kujilinda mwenyewe.

Lakini nisiwadanganye. Pale Pulse, klabu ya wapenzi wa jinsia moja huko Orlando, mwaka 2016, askari aliyekuwa akilinda klabu alikuwa na silaha, akafyatuliana risasi na mshambuliaji, na bado watu 49 waliuawa. Club Q, klabu nyingine kama hiyo huko Colorado Springs, mwaka 2022, mshambuliaji aliangushwa na wateja waliomrukia mikono mitupu. Bastola ilimfaa Palmer barabarani. Haifai kila mahali.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki Marekani wamejiua wenyewe, na vijana wetu wapenzi wa jinsia moja, hasa waliofukuzwa makwao, hujaribu kujiua zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo, anayenijia akitaka kununua bastola, kabla ya kumwuliza kama anajua kulenga shabaha, namwuliza anaishi na nani nyumbani. Sefu ndogo ya kufunguka kwa kidole inunuliwe siku ileile. Na mwenzako akianza kunyamaza, hapati usingizi, hataki kula, anagawa vitu vyake, usingoje akuambie. Itoe bastola nyumbani jioni hiyohiyo. Huko Colorado yapo maduka ya silaha yanayokubali kukuhifadhia kwa muda. Kaichukue atakapokuwa amepata nafuu.