Mulungu kwa wino mwekundu

KADZO: Karibuni tena wasikizaji wetu. Leo tulipanga kuwapa mambo matatu ambayo vyuo vya wachungaji viyazingatie, na tutayafikia. Ila kwanza, Mwakio, Jumanne nilikuwa kwenye mazoezi ya mahubiri, chuo kimoja hapa Pwani. Kijana wa Kaloleni alisema "Mulungu", yaani Mungu kwa Kigiriama, mara moja tu, akieleza nyanyake anavyoomba alfajiri. Karatasi ikamrudia na neno lile limezungushiwa wino mwekundu, pembeni pameandikwa: "Tumia Kiswahili." Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

MWAKIO: Pole yake. Lakini mwalimu nae ana hoja, dada. Mle darasani mlikuwa na watu wa wapi?

KADZO: Kila pembe. Mjaluo aliyekaa nyuma yangu ndiye aliyetangulia kuitikia amina.

MWAKIO: Basi ngoja. Makanga wa Mombasa wakiita "Kengeleni, Kengeleni!", abiria wangapi wanaikumbuka kengele yenyewe?

KADZO: Mwakio, tukiingia Kengeleni hatutoki.

MWAKIO: Lazima tuingie. Kengele ile ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu wa Frere Town kwamba wauza watumwa waja. Wamishenari Waanglikana wa CMS walianzisha kijiji kile 1875 kwa waliokombolewa utumwani: Wayao, Wamakua, Wanyasa. Wengine walikuwa wamelelewa Nasik kule India, ndio wale Wabombei. 1885 Askofu Hannington akawawekea mikono wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, wakawa mashemasi. Na chuo cha theolojia cha Frere Town ndicho kilichohamia Limuru 1930, leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Watu wale wangesomaje pamoja bila Kiswahili?

KADZO: Wao hawakuchagua! Mtoto kanyakuliwa kwao, kauzwa, kavushwa bahari, lugha ya mamake imemtoka mdomoni. Huo ni msiba, hatuwezi kuufanya mtaala. Na Wayao nao humwita Mungu Mulungu. Neno hilo lilikuwa Frere Town zamani hizo, leo lapigwa wino mwekundu.

MWAKIO: Sisi Wataita twasema Mlungu, kwa hivyo usinione adui wa neno. Nasema huyo kijana atapelekwa Changamwe. Mbele yake atakuta Wakamba, Waluhya, Wapokomo. Marehemu babangu alihubiri Kiswahili kitupu Voi, na siku ya mazishi yake walilia makabila yote.

KADZO: Na mamangu aliomba Kigiriama jikoni, machozi yakimtoka. Kanisani hakuwahi kuomba kwa sauti. Miaka yote ile, Mwakio, hata mara moja.

MWAKIO: ...Hilo nimelisikia. Bado nasema darasa liwe na lugha moja.

KADZO: Nami bado nasema mwalimu angemuuliza, "Mulungu wa nyanyako ni nani?" Darasa zima lingesoma kitu.

MWAKIO: Wasomali wangeuliza, Wamaasai wangeuliza, muhula uishe mko neno moja.

KADZO: Uishe!

MWAKIO: Fundi wa mitambo aninyoshea vidole viwili. Dakika mbili, na yale matatu hata moja hatujaligusa.

KADZO: Yakae. Jumanne narudi chuoni.

MWAKIO: Ukimwona kijana, muulize kama ile karatasi bado anayo.