Siku Ile Umeme Haukukatika

Mhadhara kwa walimu tarajali kabla ya mazoezi ya kufundisha

Mkuu wa Chuo, wakufunzi wenzangu, na ninyi walimu tarajali mnaofunga mabegi kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, asanteni kwa kunipokea.

Mmeniomba nizungumzie TEHAMA darasani. Nitaanza na kipindi changu kimoja kilichoharibika. Nilikuwa mwalimu mpya wa Fizikia, nafundisha kidato cha pili, nimeazima projekta. Nikawaonyesha wanafunzi video ya saketi ya umeme, nzuri kweli kweli. Siku ile umeme haukukatika wala kompyuta haikugoma. Darasa lilitulia tuli, na mwisho wakapiga makofi. Wiki iliyofuata nikawauliza kwenye jaribio: mkondo wa umeme ukishapita kwenye balbu, unabaki kiasi gani? Karibu wote waliandika kwamba unapungua, kwa sababu balbu imeshaula. Nilikaa na yale madaftari hadi usiku. Vifaa vyote vilikuwa vimefanya kazi yake, ila mimi sikuwa nimejua watoto wangu wamekwama wapi.

Na kosa lao lina mantiki. Nyumbani wanaona yuniti za LUKU zinavyopungua kwenye mita mpaka taa zinazimika. Mtoto anayesema umeme unaliwa amechunguza maisha yake vizuri. Hajaambiwa tu kwamba kinachotumika ni nishati, na kwamba mkondo unaoingia kwenye balbu ndio ule ule unaotoka.

Mwaka 1986 Lee Shulman wa Marekani alieleza kwamba mwalimu ana maarifa ya peke yake: pamoja na kulijua somo, anajua somo hilo humtatiza mwanafunzi mahali gani na namna ya kumfikishia. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wakaongeza teknolojia kwenye hoja hiyo. Mtakutana nao kwenye mitihani yenu. Mimi nataka mkutane nao darasani.

Chukueni PhET, maabara ya kuigiza iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni bure, na ukishaipakua kwenye kishikwambi inafanya kazi bila intaneti. Baadhi ya majaribio yake yametafsiriwa kwa Kiswahili, na hilo ni msaada mkubwa kwa mtoto wa kidato cha kwanza ambaye bado anapambana na Kiingereza. Unga betri ya volti 9 na balbu ya omu 10. Weka ammita moja, yaani kipimo cha mkondo, kabla ya balbu na nyingine baada yake. Usiwashe! Mwambie kila mwanafunzi aandike kwenye daftari ammita ya pili itasoma ngapi, kisha amweleze jirani yake kwa nini. Waache wabishane. Ndipo ufunge swichi ili mkondo upite. Zote mbili zitasoma ampea 0.90. Ukiongeza balbu nyingine kama hiyo kwa mfululizo, zote mbili zitasoma 0.45. Utasikia darasa linaguna, na mguno huo una thamani kuliko makofi niliyopigiwa mimi, kwa sababu kila mmoja ameona makisio yake yakigongana na kipimo.

Najua mnachowaza: darasa lina watoto sabini na kishikwambi ni kimoja, pengine kimojawapo cha vile vilivyotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 kabla ya kukabidhiwa walimu. Basi gawa vikundi. Kimoja kikae na kishikwambi, vingine viunge waya, balbu za tochi na betri kavu za kweli, kisha vizunguke. Zile betri za kweli msizidharau. Mtoto lazima aguse waya.

Nchi hii, Tanzania, iliwahi kufanya jambo kubwa kwa kifaa kidogo zaidi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima takribani milioni 2 walijifunza kwa redio. Hawakuachiwa redio peke yake. Walikaa kwenye vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyepewa mafunzo. Wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio ilizungumza kwa muda mfupi tu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya watu.

Kwa hiyo mkiandika andalio la somo, someni kwanza safu ya vitendo vya mwanafunzi. Mkikuta imeandikwa "kutazama na kusikiliza" kuanzia juu hadi chini, rudini mezani, hata kama projekta imeshawekwa tayari. Hapo kwenye kuandaa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi tunapopafanyia haraka. Nawasihi msipafanyie haraka, kwa sababu mtoto wa kidato cha pili hatarudi kidato cha pili ili umfundishe upya.

Sasa twendeni maabara. Kila wawili wachukue kishikwambi kimoja na karatasi moja. Kabla ya kugusa kioo, andikeni makosa matatu ambayo mnadhani wanafunzi wenu watakuja nayo kwenye mada mtakayoanza nayo Jumatatu. Nitapita meza kwa meza kuyasoma.