Nyama ikianza kubaki kwenye sahani

Akina mama, nishalisema hili vikao vingi na leo narudia tena, kansa ya umio, yaani ule mrija wa kupitisha chakula kutoka kooni mpaka tumboni, mara nyingi inaonekana jikoni kabla ya hospitali. Baba alikuwa anamaliza ugali na nyama yake bila shida, sasa anatafuna mudaa, kila tonge analisukuma na maji, anajishika hapa katikati ya kifua, ukimuuliza anasema "imepita vibaya tu". Wiki zinaenda, nyama inabaki kwenye sahani, makande hataki, anaomba mtori. Na wewe kwa upendo unampondea ndizi mpaka zinalainika kabisa, baadae unamkorogea uji mwepesi, anakunywa, basi nyumba nzima mnasema kapata nafuu. Hajapata nafuu! Kilicholainika ni chakula, njia inazidi kuziba. Umio unatanuka, kwahiyo mpaka tonge la ugali likwame ujue uvimbe ushakula sehemu kubwa ya njia, msisubiri mpaka maji nayo yakatae.

Najua mtasema, daktari, mbona dukani alipewa dawa ya vidonda vya tumbo akatulia? Kiungulia kimetulia sawa, je nyama inapita? Nijibuni hilo. Mwingine atasema huyu bado kijana, hii kalogwa. Jamani, ukanda wetu kuanzia Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi mpaka Afrika Kusini una kansa hii kwa wingi, na kule Bomet Kenya wameonekana wagonjwa hata wa chini ya miaka 30.

Kipimo ni endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa mdomoni, daktari anaona uvimbe na anachukua vinyama vidogo vya kupeleka maabara. Ile picha ya eksirei ya kunywa dawa nyeupe inaonyesha palipobana, haithibitishi kansa. Hospitali ya KCMC wanafanya, Bugando na Muhimbili pia.

Visababishi nakimbia, muda umeisha. Sigara, pombe, vikiwa pamoja ndo hatari zaidi. Na chai! Mwaka 2016 IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, lilisema kinywaji cha zaidi ya nyuzi 65 huenda kinasababisha kansa, shida ni joto sio majani, na sisi huku Kilimanjaro tunainywa ikifuka. Iacheni ipoe. Meno mabovu na moshi wa kuni tutaongea siku nyingine.

Baba akikubali kwenda, siku ya kipimo asile kitu kuanzia usiku, na mama uende nae uingie mpaka chumba cha daktari, maana yeye atasema anakula vizuri tu. Wewe ndo useme ugali ulianza kukwama lini na suruali zimemlegea kiasi gani.