Mwanakemia wa Dawa Hapimwi kwa Nukuu Peke Yake

Ndugu wanataaluma, jambo hili nimelisema katika vikao vingi na leo nitalisema tena, kwa sababu kamati zetu za kupandisha vyeo zingali zinampima mwanakemia wa dawa kwa wingi wa makala zake na mara alizonukuliwa. Kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, mnakifahamu: mtu ana h ya 10 akiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Nitamzungumzia Raphael Mechoulam wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, aliyefariki Machi 2023, kwa kuwa yeye alinukuliwa sana na bado hesabu ya nukuu inaficha kazi yake mojawapo iliyo bora.

Mwaka 1964, akiwa katika Taasisi ya Weizmann pamoja na Yechiel Gaoni, alitangaza kuwa wameipata THC, kemikali ya bangi inayolevya, ikiwa safi na kuutambua muundo wake. Hashishi (utomvu wa bangi) waliyoifanyia kazi, kilo 5, alipewa na polisi na kuisafirisha kwa basi la abiria. Kilichotolewa humo kilitenganishwa kwa kromatografia, njia ya kutenga kemikali zilizochanganyika, kikawa sehemu mbalimbali, kisha sehemu hizo zikajaribiwa kwa nyani, na ni moja tu iliyowalegeza. Mwaka 1992 kundi lake likatoa katika ubongo wa nguruwe molekuli inayoshika kipokezi (sehemu ya seli inayopokea kemikali) kilekile kinachoshikwa na THC, nayo ni anandamidi. Makala hiyo imenukuliwa maelfu ya mara, na kwa haki kabisa.

Sasa tazameni makala ya mwaka 1980, aliyoiandika pamoja na madaktari wa Brazil. Wagonjwa 8 wa kifafa, ambao dawa zao za kawaida hazikuwa zikiwasaidia vya kutosha, waliongezewa kila siku kanabidioli, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya. Wanne kati yao karibu hawakupata tena degedege katika muda wote wa jaribio, na wengine watatu walipata nafuu kiasi, ilhali miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ni mmoja tu aliyepata nafuu. Matokeo hayo yalikaa zaidi ya miaka 30 bila kufuatwa na jaribio kubwa. Juni 2018 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha kanabidioli kwa ajili ya kifafa cha Dravet na cha Lennox-Gastaut, maradhi mawili mazito yanayoanza utotoni.

Najua kuna atakayesema kwamba wagonjwa walikuwa wachache mno. Ni kweli, lakini uchache huo ulikuwa sababu ya kulirudia jaribio kwa upana, wala haukuwa sababu ya kulisahau. Mwingine atasema kwamba siku hizi makala hiyo inanukuliwa, kwa hiyo kipimo kimejirekebisha chenyewe. Hoja hii imenichosha. Kamati inayoketi leo haiwezi kungoja miaka 38 ili imtambue mhadhiri, na mtoto aliyekuwa akianguka kifafa mwaka 1985 hakufaidika hata kidogo na nukuu zilizokuja baada ya dawa kupata wafadhili. Nukuu huhesabu watu waliokwisha kufika mahali fulani. Haziwezi kumwona aliyetangulia huko peke yake.

Tena hazituambii mtu ananukuliwa kwa lipi. John Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson alitengeneza molekuli nyingi za kuchunguzia vipokezi hivyohivyo, na mwaka 2008 mojawapo, JWH-018, ikagunduliwa katika pakiti za majani ya kuvuta yaliyouzwa Ulaya. Tangu hapo jina la molekuli hiyo limejaa katika ripoti za sumu, na kila ripoti inayorejelea kazi yake inaongezwa kwenye hesabu ileile.

Nilikusudia kuzungumzia pia hataza, yaani hati za haki ya uvumbuzi, ambazo hazihesabiwi kamwe ingawa ndizo zinazobeba kazi nyingi za kemia ya dawa, pamoja na mpangilio wa majina ya waandishi, lakini muda hauniruhusu. Azimio la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu tathmini ya utafiti lilikwisha kutaka kazi ipimwe kwa ubora wake yenyewe. Ombi langu kwa kamati ya kitivo ni hili: wajumbe wasome makala tatu za kila mwombaji, alizozichagua mwenyewe, na waandike walichokielewa, kabla ya kuletewa ukurasa wa hesabu.